Bata wima (Indian Runner) anasumbua? Anzia hapa kabla hujanunua dawa

Simu zinazonifikia kuhusu hawa bata wanaosimama kama chupa yenye miguu, yaani Indian Runner, karibu zote zinaanza na swali moja, "nimpe dawa gani?" Na mimi kabla sijataja dawa yoyote nauliza mambo matatu: maji yao yana kina gani, wanakula nini toka asubuhi mpaka jioni, na wiki hii kuna kitu gani kimewatisha. Mara nyingi hatufiki hata kwenye dawa, mtu anajijibu mwenyewe katikati ya maelezo, utamsikia tu "aah, kumbe".

Shida ni kwamba sisi tumezoea ndege wawili. Kuna kuku, na kuna bata wa mtaani yule mwenye nyama nyekundu usoni anayepumua hhhh badala ya kulia. Huyu wa mtaani asili yake Amerika ya Kusini na ni spishi nyingine kabisa, analalia mayai yake mwenyewe siku 35, anaruka mpaka juu ya paa la jikoni, anajitafutia. Runner yeye ni ukoo wa yule bata mwitu wa kichwa cha kijani wa Ulaya na Asia, haruki, halalii, na giza likiingia harudi bandani mwenyewe. Ukimfuga kwa akili ya kuku atakusumbua, ukimfuga kwa akili ya bata wa mtaani atakusumbua zaidi.

Na jina lisikuzingue, kwao sio India. Kwao ni visiwa vya Indonesia, Java, Bali na Lombok, huko mchungaji anawaswaga kundi zima mpaka kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa, anachomeka mti mrefu wenye kitambaa juu, bata wanashinda karibu na ule mti wakiokota punje zilizodondoka na konokono, jioni anang'oa mti wake wanarudi nyumbani. Alfred Russel Wallace, yule Mwingereza mtafiti wa viumbe, alipita Lombok mwaka 1856 akawakuta hawa bata wanatembea wima kama pengwini. Karne hiyo hiyo Waingereza wakawa nao kwao, na mwaka 1898 mama mmoja wa Gloucestershire, Adele Campbell, akaonyesha watu bata aliowapata kwa kuchanganya Runner na aina nyingine, ndo hawa Campbell tunaowasikia. Nimeyaleta haya kwa sababu moja tu: huyu ndege amechaguliwa vizazi kwa vizazi kwa kazi mbili, kutembea na kutaga, kwa hiyo akiharibika anaharibikia huko huko, miguuni au kwenye mayai. Ndo maana humu chini nitakaa sana kwenye hayo mawili, mengine nitapita haraka.

Kwanza, huenda haumwi

Kuna mambo watu wanayaona ugonjwa na wala sio. Dume kutokuwa na sauti, hilo ndo la kwanza. Mtu anakwambia "huyu mmoja ana mafua, anakoroma tu, wenzake wanapiga kelele." Sio mafua, huyo ni dume. Jike la Runner ndo lenye ule mlio wa kelele mpaka majirani wanajua umewanyima chakula, dume sauti yake ni ya kukwaruza kama mtu aliyeshangilia mpira jana. Tofauti inaanza kusikika wakiwa kwenye miezi miwili hivi, baadaye dume anaota vinyoya viwili vitatu vya mkiani vilivyojikunja kwenda juu. Kuna watu wamewapa madume antibayotiki wiki nzima kwa hii sauti, pesa imeenda hivyo hivyo.

Lingine ni kusimama. Runner akitulia anakuwa ameinuka kiasi, nyuzi 45 mpaka 75 hivi kutoka chini, akishtuka ananyooka karibu kama mlingoti, akila anainama kama bata yeyote. Kwa hiyo kumwona kainama sio shida, shida ni yule aliyekuwa anasimama vizuri afu leo anatembea kalala mbele, mkia umeshuka, anabaki nyuma ya kundi. Huyo mshike umkague. Ila kama toka umemnunua hajawahi kusimama wima na ni mnene wa kifua, ndugu yangu umeuziwa chotara. Dume la Runner linacheza kwenye kilo 1.6 mpaka 2.3, jike chini ya hapo kidogo. Ukiona bata wa kilo tatu na nusu anaitwa Runner, mle Krismasi.

Yai la rangi ya kijani au bluu nalo ni la kawaida kabisa, halijaoza. Na dume kupoteza rangi zake nzuri baada ya msimu, anachakaa anafanana na jike, ni manyoya anabadilisha tu.

"Kifaranga hawezi kusimama"

Hapa nina makosa yangu mwenyewe ya kusimulia. Kundi langu la kwanza lilikuwa vifaranga kumi na moja, nikawapa stata ya kuku (kile chakula cha kuanzia cha vifaranga) kama ilivyo, maana mwenye duka aliniambia bata na kuku ni kitu kimoja. Siku ya kumi na mbili hivi nikaona mmoja anatembea kwa magoti, kesho yake watatu, magoti ya nyuma yamevimba, miguu imepinda kwa nje kama mtu aliyepanda farasi maisha yake yote, wanaenda kwenye chakula kwa kujisukuma na mabawa. Nikajua ni ugonjwa wa kuambukiza nikawatenga. Sio ugonjwa. Ni niasini, ile vitamini B3.

Iko hivi, kifaranga wa bata anahitaji niasini nyingi kuliko wa kuku, kiwango kinachotajwa kwa bata ni miligramu 55 kwenye kila kilo ya chakula, na stata ya kuku mara nyingi imepangwa chini sana ya hapo. Afu chakula chetu kimejaa mahindi, na niasini ya mahindi imefungwa ndani ya punje, ndege haipati hata akishiba. Kwa Runner inaonekana haraka zaidi kwa sababu uzito wote anaubeba wima juu ya miguu miwili myembamba na hatulii, ni kukimbia tu kutwa.

Dawa yake nafuu: vitamini B komplex ya unga kutoka duka la dawa za mifugo, hakikisha kwenye kopo wameandika niasini au nikotinamidi, weka kwenye maji ya kunywa kila siku kwa kipimo cha kwenye kopo, na uendelee mpaka wafikishe wiki nane hivi, usiache siku ya tatu kwa sababu wamesimama. Kwenye chakula ongeza dagaa wa kusaga, wale wasio na chumvi. Ukipata chachu ya bia iliyokaushwa ni nzuri sana, ila usichanganye na hamira ya kuumulia maandazi, hiyo iko hai na itaumukia tumboni mwa kifaranga. Ukiwahi, siku mbili tatu unaona mabadiliko, ukichelewa mpaka mfupa umeshapinda ndo basi, atabaki hivyo. Mimi kati ya wale kumi na moja wawili walibaki vilema, mmoja aliishi akataga kabisa, anatembea kama mlevi lakini yai anatoa.

Sasa tofautisha. Miguu yote miwili, magoti yamevimba, wako wengi: hicho ni chakula. Miguu imetanuka kushoto na kulia kama mkasi toka siku ya kwanza ya pili: hiyo ni sakafu, umewaweka kwenye gazeti au boksi laini au vigae wanateleza. Tandika gunia au maranda makavu, na yule aliyetanuka mfunge miguu kwa kitambaa laini kama pingu, nafasi ya kawaida ya kusimama, siku tatu nne, huku unamwangalia asizame kwenye maji. Mguu mmoja tu: kaumia, mtu kamkanyaga au kabanwa na mlango.

Na joto usisahau, wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hivi afu unashusha kama tatu kila wiki. Kifaranga aliyepoa analegea miguu vile vile na watu wanadhani ni vitamini.

"Mkubwa anachechemea"

Swali langu la kwanza hapa: ulimbebaje? Kwetu kuku anabebwa miguu juu kichwa chini, wanne mkono mmoja, kutoka mnadani mpaka nyumbani, na anafika salama. Bata haiwezi hiyo. Mguu wa Runner umekaa nyuma kabisa ya mwili ili aweze kusimama, ni mwembamba, ukimning'iniza unachomoa nyonga. Mshike shingo taratibu pale chini karibu na mwili asikutoroke, mkono mwingine upite chini ya tumbo, umkumbatie na mabawa yake. Ukimnunua mtu akakuletea kamning'iniza kwenye pikipiki, usishangae akichechemea wiki mbili. Mpumzishe sehemu ndogo yenye matandiko laini, maji karibu, atapona wengi wao.

Kama hajabebwa vibaya geuza unyayo. Ukiona kidonda cheusi kigumu katikati na unyayo umevimba una joto, hilo ni jipu la unyayo, bakteria wameingia kupitia mchubuko. Chanzo ni kokoto, sakafu ya zege chafu, au matope ya mkojo na kinyesi yasiyokauka. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu na chumvi, safisha, paka dawa ya kidonda, funga, na muhimu kuliko yote badilisha sakafu, la sivyo unatibu mguu wa kulia wa kushoto unaanza. Likiwa kubwa na gumu muachie daktari wa mifugo, sio kazi ya wembe wa nyumbani.

Jike linalotaga likilegea miguu ghafla, usiangalie mguu, angalia yai. Nakuja huko.

"Shingo imelegea kama kamba"

Hii inatisha na ina haki ya kutisha. Inaanza miguuni, bata anakaa chini hataki kuinuka, baada ya masaa mabawa yanaburuza, afu shingo inalala chini kabisa, macho yanafumba nusu, ukivuta unyoya unatoka kirahisi. Hii ni sumu ya botulizimu. Kuna bakteria anayekua kwenye mzoga na kwenye tope lisilo na hewa, anatengeneza sumu, funza wanaokula mzoga wanaibeba bila kudhurika, bata anakula funza kama karanga, basi. Kiangazi dimbwi linapokauka likabaki tope la kijani lenye joto ndo wakati wake.

Kwa hiyo ukiona hata mmoja kalegea hivyo, usikae kumwangalia huyo, toa wengine wote kwenye hilo dimbwi sasa hivi, afu tembea na mti utafute mzoga, panya, kuku, samaki, chura, chochote. Choma moto au fukia chini sana. Mgonjwa mweke kivulini, mnyweshe maji safi kidogo kidogo kwa sirinji isiyo na sindano, kichwa kimeinuliwa asipaliwe, na wengine wanaweka molasi kidogo kwenye maji ili atoe uchafu tumboni. Aliyeguswa kidogo anaweza kuamka ndani ya siku mbili tatu, aliyeshindwa kuinua shingo kabisa wengi huwa hawarudi. Na huyo aliyekufa usimtupe porini, ndo utakuwa mzoga wa kundi lijalo.

"Hawatagi"

Ndo simu nyingi kuliko zote, na jibu linalokera watu: wanataga, ila wewe huyaoni. Runner hana habari ya kiota. Anatembea, yai likija anaachia hapo hapo, njiani, kwenye majani, mwingine ndani ya maji kabisa, anaendelea na safari zake hata hageuki kuangalia. Wengi wanataga alfajiri kuelekea asubuhi. Sasa wewe saa kumi na mbili umefungua mlango wametoka mbio, unategemea nini?

Wafungie bandani mpaka saa tatu asubuhi. Basi. Tandika maranda au majani makavu ya mpunga, wape maji, fanya hivyo wiki mbili kabla hujasema hawatagi. Kuna jamaa mmoja wa jirani aliyekuwa anataka kuwachinja wote saba, akafanya hivi, siku ya kwanza akaokota manne. Mayai yote ya nyuma alikuwa anakula kenge.

Kama umefungia na bado hamna kitu, hesabu umri. Wanaanza kwenye miezi mitano sita, anayekwambia miezi minne anakuuzia. Jike zuri la Runner linaweza kukupa mayai 150 mpaka 200 kwa mwaka na wapo wanaopita hapo, ila sio kila siku mwaka mzima, kuna kipindi wanabadilisha manyoya wanasimama wiki kadhaa, utaona yard imejaa manyoya kama mto umepasuka. Hapo muache, mwongeze protini tu. Ukisoma maelekezo ya Waingereza utaona wanahangaika na taa wakati wa baridi kwa sababu siku zao zinakuwa fupi sana, sisi huku karibu na ikweta jua letu ni la masaa kumi na mbili karibu mwaka mzima, usijisumbue na taa.

Chakula sasa. Bata mkubwa anataka kama gramu 150 kwa siku za chakula cha kutagia chenye protini asilimia 16 au 17. Pumba tupu na makombo ya ugali yanamjaza tumbo anashiba vizuri sana na hatagi. Wakitoka nje wakapata konokono, wadudu na majani unaweza kupunguza, ila huwezi kuondoa. Majaruba ni mazuri mno kwao, tatizo ni sumu za wadudu, uliza jirani amepiga lini, na kama hajui amepiga nini usiwapeleke.

Sababu ya tatu ni hofu, na hii kwa Runner ni kubwa kuliko unavyofikiri. Umehamisha banda, mbwa mpya kaja, watoto wamewakimbiza Jumamosi, mtu kapiga baruti usiku wa mwaka mpya: kutaga kunakata, siku kadhaa mpaka wiki mbili. Hamna dawa ya hiyo, ni utulivu tu.

Ganda laini, yai lililokwama

Yai lenye ganda laini kama mfuko, likitoka moja la kwanza kwa bata mchanga usijali. Yakiendelea ni kalisiamu. Weka maganda ya kome au chaza yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni, wale wenyewe kadiri wanavyotaka, usichanganye kwa nguvu kwenye chakula cha wote kwa sababu madume na vifaranga kalisiamu nyingi inawaumiza figo. Watu wa bara wasiopata kome, chokaa ya mifugo ipo, sio ya kupaka ukuta tafadhali.

Kukwama kwa yai ni dharura. Jike kajitenga, mkia unapanda na kushuka, anakaza, hali, miguu imelegea. Kwa bata wengine wafugaji wanasema "ukimwona kasimama kama pengwini ana yai limekwama", kwa Runner hiyo haikusaidii kitu kwa sababu yeye pengwini ni kila siku, kwake angalia kinyume, aliyekuwa wima ameshuka. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kina cha kufika tumboni, mkalishe dakika 20 mpaka 30, mpe kalisiamu ya maji mdomoni kama unayo, afu mweke sehemu ya giza yenye joto na kimya. Rudia. Usiminye tumbo. Narudia usiminye, yai likipasuka ndani umemuua. Likipita masaa machache hamna kitu tafuta daktari amchome kalisiamu.

"Hawalalii, na mashine haitotoi"

Kulalia sahau. Kutaga sana na kulalia haviendi pamoja, na hawa wamechaguliwa upande wa kutaga. Mayai yao mbandikie bata wa mtaani au kuku wa kienyeji, kuku mayai sita saba yanamtosha. Siku ni 28, sio 21 za kuku wala 35 za bata wa mtaani, kuna watu wametupa mayai siku ya 24 yenye vifaranga wazima ndani kwa kuhesabu za kuku. Kuku akishatotoa atakupa kichekesho cha bure siku wanae wanaingia kwenye maji, anazunguka ukingoni anapiga kelele kama msiba.

Mashine: nyuzi 37.5, unyevu wastani afu siku tatu za mwisho unapandisha sana, karibu asilimia 70, la sivyo kifaranga anatoboa ganda anakaukia ndani. Ukimulika mayai kwa tochi siku ya saba, mengi yakawa meupe tu hamna kitu ndani, lawama ni kwa madume, hayatoshi au ni mazee. Dume moja kwa majike matano sita. Ukizidisha madume nayo shida, majike yananyonyolewa shingo nyuma mpaka damu, wengine wanazamishwa kwenye maji. Na dume ambaye uume umetoka nje haurudi, mtenge na majike, osha kwa maji safi, paka sukari kidogo ipunguze uvimbe, ukikauka ukawa mweusi ni kwa daktari.

Maji: macho, manyoya, na kukabwa

Bwawa sio lazima. Lazima ni chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa chote, ndoo iliyokatwa inatosha. Macho yenye povu au yaliyogandana mara nyingi ni kwa sababu wanakunywa kwenye chombo cha kuku, ncha ya mdomo tu ndo inaloa, hawezi kusafisha jicho wala pua. Manyoya yakilowa kama kuku aliyenyeshewa, tezi ya mafuta pale juu ya mkia haifanyi kazi vizuri, mara nyingi kwa uchafu na kukosa maji ya kuoga. Vifaranga waliototolewa na mashine hawana mafuta ya mama, usiwaachie kwenye beseni wanazama, weka mawe ndani.

Chakula kikavu bila maji pembeni anakabwa. Kwa hiyo usiku unaondoa vyote viwili au unaacha vyote viwili.

Hawaingii bandani, usiku wanagongana

Kuku jioni anarudi mwenyewe, Runner atalala hapo nje nguchiro amkute. Lazima uwaswage. Wanaenda kundi moja, mmoja akigeuka wote wamegeuka, ndo maana kuwakimbiza haifai kabisa. Chukua fimbo mbili ndefu, nyoosha mikono, tembea polepole kama huna haraka, unasimama wakisimama. Watoto wangu wanawaingiza vizuri kuliko mimi. Mlango uwe mpana, mita moja, maana wanaingia wote mara moja na wa katikati ndo anavunjika mguu. Kama asubuhi unakuta wamekanyagana na wengine wamekufa pembeni mwa ukuta, kuna kitu kinawatisha usiku, panya, paka, au mwanga wa gari unaopita. Ziba, na zungushia kona za banda ziwe za mviringo.

Chakula kinachoua kimya kimya

Bawa lililogeuka nje kwa kifaranga wa wiki nne mpaka nane ni protini na wanga kupita kiasi, punguza chakula, ongeza majani, lifunge bawa kwa plasta siku chache. Haliui, linaharibu sura.

Kuvu ndo inaua. Sumukuvu ya mahindi na karanga, bata ni dhaifu kwake kuliko kuku. Mwaka 1960 Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 kwa mashudu ya karanga yenye kuvu, bata wadogo nao wakawemo, na mwaka huo huo Bonde la Ufa Kenya vifaranga wa bata walikufa kwa maelfu. Mahindi yaliyokataliwa na watu kwa sababu yananuka usiseme "basi ya bata". Dalili ni vifaranga kudumaa, kutapatapa, ini limekuwa la njano ukipasua. Kutibu hakupo, kutupa kupo.

Dagaa wa chumvi nao: kiu kali, kinyesi cha maji matupu, vifaranga wanakufa. Loweka umwage maji au nunua wasiotiwa chumvi.

Wanakufa wengi kwa mpigo

Mmoja kafa, jiulize maswali ya huko juu. Watatu wanne ndani ya siku mbili, maswali yameisha. Vifaranga wakifa wamejikunja kichwa nyuma mgongoni inaweza kuwa homa ya ini ya virusi, wakubwa wakikutwa wamekufa asubuhi bila dalili inaweza kuwa kipindupindu cha ndege, na mafua ya ndege bata anaweza kuyabeba bila kuonyesha kitu huku kuku wanateketea. Mdondo (Newcastle) pia hivyo hivyo, bata anadunda tu afu anawaletea kuku, kwa hiyo kama unafuga pamoja chanja kuku kwa ratiba. Usiuze wala usigawe waliobaki, usiwachinje haraka haraka ili "wasipotee bure", funga geti, weka mizoga miwili mibichi kwenye mfuko sehemu ya baridi, mpigie ofisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Atakuuliza walikunywa wapi na walikula nini, uwe na jibu.